Chaki Yako Juu ya Fimbo Iliyovunjika

Papa,

Nimefika. Usianze kunitazama hivyo, najua nimechelewa. Nimekuta udongo wa kaburi lako umekwisha kutulia, majani yameanza kuota pembeni, na Mama amekwisha kuvaa nguo za msiba na kuzivua. Miezi minne, Papa. Kwanza ilikuwa makaratasi ya safari, halafu tikiti, halafu... wacha niseme ukweli, kwako sina pa kujificha: halafu ilikuwa woga. Niliogopa kufungua mlango huu na kukuta kiti chako kimekaa peke yake.

Kimekaa peke yake. Hakuna anayekikalia. Jana mgeni mmoja alitaka kukivuta, Mama akakohoa tu, yule bwana akaenda mwenyewe kukaa kwenye benchi.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ile yenye mguu mfupi ulioutilia kipande cha bati. Nyumba ni ile ile, kampi ya reli ni ile ile, vumbi jekundu la Kamina bado linaingia hata dirisha likifungwa. Treni zinapita siku zikitaka. Ikisikika moja kwa mbali, Mama anaacha anachokifanya na kutazama saa ya ukutani, kama vile bado kuna mtu wa kutoka kazini. Nyundo yako ya mpini mrefu iko nyuma ya mlango, pale pale ulipoiegemeza. Baiskeli amechukua kaka yangu mkubwa, yaya Banza, na tayari ameipaka rangi ya kijani. Ungemgombeza.

Lakini sikukaa hapa ili nikupe habari za baiskeli. Mbele yangu kuna leso yako ya Jumapili, na juu ya leso kuna vipande viwili vya ile fimbo. Unaijua fimbo gani. Mama alinipa juzi, akanitolea kutoka kwenye sanduku lako la vyombo, chini ya koleo na spana, imefungwa vizuri kama pete. Tangu juzi sili vizuri. Kuna mambo ningeweza kuyalia tu yakaisha. Hili haliishi kwa machozi, Papa, ni lazima niliandike.

Acha nianze mbali kidogo, kama ulivyokuwa unaanza wewe, hata tulipokuwa na njaa na bukari, ugali wetu, inapoa.

Ulinipa jina la mama yako, Mwadi, na tangu nikiwa na meno mawili ukawa unaniita mama. Si kwa kunibembeleza kama wanavyofanya watu wa siku hizi. Uliniheshimu kweli. Mbele ya wenzako wa reli ulikuwa unasema, "Ngojeni, mama yangu apite," nami napita na kaptula yangu iliyochanika, nimeinua kidevu. Nadhani pale ndipo mdomo wangu ulipoharibika. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ndiye bibi wa mtu mzima, anaamini.

Jumamosi ulinichukua depo. Kazi yako iliitwa vizitere: mtu wa kupita behewa kwa behewa kabla treni haijaondoka, kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima linaimba, sauti inakwenda mbali halafu inarudi polepole. Gurudumu lenye ufa linasema "ko", kama sahani iliyopasuka, na linanyamaza. Likisema "ko" ulikuwa unatoa chaki mfukoni, unachora msalaba mweupe, na behewa hilo haliondoki, hata aje nani. Ulinifundisha kufumba macho. "Macho inapenda vitu vizuri, mama," ulisema. "Sikio haina neno na uzuri."

Unakumbuka siku ya yule mkubwa wa kituo aliyekuwa na haraka? Mabehewa yamejaa magunia, yanangojewa Bukama, naye anakupigia kelele kwamba gurudumu ni zima, kila mtu analiona ni zima. Uliketi juu ya reli, mbele ya gurudumu, ukatoa muhogo wako wa kuchoma, ukaanza kula. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu. Mwisho wakalitoa, wakalipiga kwa nyundo kubwa, likafunguka. Ukaniita nije nione pale lilipofunguka. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, imefifia, na pembeni kulikuwa na ukanda mwembamba unaong'aa kama samaki mpya.

"Tazama, mama," uliniambia. "Hii nyeusi njo ya zamani. Ilikuwa inapumua hewa, njo maana imekuwa nyeusi. Hii yenye kung'aa njo ya leo, njo sisi tumeivunja. Chuma haisemake bongo."

Chuma hakisemi uongo. Nilikuwa na miaka tisa. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, Papa, vyote vinene, na juu ya chuma kilichovunjika sijakuta kitu kilichozidi maneno yako yale. Basi, mbona niliyasahau? Ndilo swali la barua hii.

Nilipokwenda China kusoma, ulitaka kujua ninatengeneza nini. Nilijaribu mara tatu kwenye simu kukueleza. Nilisema: kuna metali mbili adimu, moja inaitwa terbi, nyingine disprosi, unazichanganya na chuma cha kawaida, unapata chuma cha ajabu. Ukikiweka karibu na sumaku kinajinyoosha, kinarefuka kidogo mno, chini ya unene wa unywele. Ukiondoa sumaku, kinarudi. Ukauliza: "Chuma inajinyoosha? Iko na usingizi?" Mama alicheka nyuma yako mpaka akaangusha kifuniko.

Nikakueleza kwa bukari, kwa sababu bukari wewe unaielewa. Terbi ni unga wa mahindi: ina nguvu, ndiyo inayorefusha, lakini ni kaidi, bila sumaku kubwa haisogei. Disprosi ni unga wa muhogo: inalainisha, inafanya mwiko ugeuke hata na mkono mdogo. Muhogo ukizidi, bukari inavutika bila nguvu. Mahindi yakizidi, mwiko unakwama. Na chuma ni maji. Ukitia maji kamili kama kitabu kinavyosema, yanatokea madonge mabaya ndani. Unatakiwa upunguze kidogo, chini kidogo ya kipimo, na hicho kidogo ndicho kazi yetu yote. Ulisema, "Tulikutuma kusoma, kumbe ulienda kupika bukari kwa ba-Chinois." Ukawaambia kampi nzima. Mpaka leo kuna mama mmoja hapa jirani ananiita mupishi.

Lakini mchanganyiko ni nusu tu ya kazi. Ukishapika, unakiyeyusha tena ndani ya bomba, unakishusha polepole kutoka kwenye moto, kwa mwendo wa konokono mvivu, ili kigande kikiwa kimeelekea upande mmoja wote, kama watu wa kwaya wanaomtazama mwalimu. Chembe zikielekea huku na huku, kila moja inajinyoosha upande wake na fimbo nzima hairefuki sana. Zikielekea pamoja, hapo ndipo unaona maajabu.

Na sikukwambia kwa nini nilichagua kazi hiyo. Nilikuwa nangoja nikuonyeshe. Fimbo ile ukiifungia waya wa umeme inatetemeka haraka kuliko sikio linavyoweza kusikia. Ukiibana kwenye reli, inatuma sauti yake ndani ya chuma, na sauti ikigonga ufa inarudi kukuambia. Ulikuwa umekwisha kupoteza sikio la kushoto kwa sababu ya nyundo, na la kulia lilikuwa linafuata. Nilikuwa nakutengenezea sikio, Papa. Ndiyo hiyo. Nilitaka nije nayo mkononi, tupite pamoja behewa kwa behewa, wewe na chaki yako, mimi na fimbo yangu. Ahadi hiyo niliiweka moyoni peke yangu, na ahadi usiyomwambia mtu ni rahisi mno kuiahirisha.

Nikakutumia fimbo moja ya zile za kwanza. Nene kama kidole, ndefu kama kisu cha mezani, imeng'arishwa mpaka unajiona. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi aliyekuja kununua nguo aliibeba ndani ya pamba, na kutoka Lubumbashi ikapanda treni mpaka kwako. Nilikwambia uishike, uwaonyeshe wenzako, uiweke kwenye kabati. Sikukwambia kwamba chuma kile ni chepesi kuvunjika kama sahani. Nilimpa vizitere chuma, nikasahau kumwambia asikigonge! Ni kama kumpa mtoto ngoma na kumwambia aitazame.

Ulipiga simu Jumapili baada ya misa. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ukasema imevunjika. Ukasema uliigonga kwanza na kijiko tu, ikasema "ko". Ukangoja kesho yake, ukaigonga tena na kijiko, "ko". Ndipo ukachukua nyundo ndogo, ukaigusa mara moja, ikafunguka. "Lakini, mama," ulisema, "ilikuwa inalia mubaya mbele ya kuvunjika. Minyi nilisikia. Ile kitu ilitoka kwako na kilema."

Nami nikajibu nini? Nataka kuandika kitu kingine hapa. Nimekata mstari huu mara mbili. Nilikuwa nimechoka, matokeo ya maabara yalikuwa mabaya, profesa alikuwa amenisema mbele ya watu asubuhi hiyo. Hayo yote ni kweli na hayanisaidii. Nilisema: "Papa, wewe hata mlango ukigongwa husikii tena. Utasikiaje ufa? Hiyo si gurudumu la treni."

Halafu ukasema, "Eyo, vidye."

Mungu wangu. Ungenitukana ningelala. Eyo, vidye ndivyo mtoto wa Kiluba anavyomwitikia mkubwa wake akiitwa au akigombezwa: ndiyo, mkuu. Wewe, mzee wa miaka zaidi ya sabini, uliniitikia mimi hivyo, kwa sababu nilibeba jina la mama yako, na mama yako akikugombeza ulikuwa huna jibu jingine. Niliitumia ile heshima uliyonipa kukufunga mdomo. Nilikata simu nikaenda kazini.

Baada ya hapo hukuniuliza tena habari za fimbo. Uliuliza baridi, uliuliza kama ninakula, uliuliza kama samaki wa Kinkondja aliyekauka anapatikana huko, na mimi nikafurahi, nikaona sasa tunaongea kwa amani. Mjinga mimi. Ulikuwa umenifungia mlango taratibu ili usinikere.

Mwaka mzima na zaidi nilihangaika na mchanganyiko. Fimbo zangu zilirefuka nusu ya nilichotegemea, na kila moja kwa namna yake. Nikasema ni terbi kidogo, nikaongeza. Nikasema ni chuma kingi, nikapunguza. Nikatia punje ya hiki, punje ya kile. Nilikuwa kama mpishi ambaye bukari yake inapasuka kila siku naye anabadilisha duka la unga tu, wala haangalii sufuria. Tanuru lilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi kwenye foleni. Kwa hiyo kioo cha chuma, ndivyo tunavyoiita fimbo iliyoganda ikielekea upande mmoja, kikisha kukua, nilikitoa upesi ili mwenzangu aingie. Kukikuza nilikuwa na subira. Kukipoza, hapana. Nani ana wakati wa kutazama kitu kikipoa?

Halafu kifua chako. Mama alipiga mara ya kwanza mwanzoni mwa mvua, akasema unakohoa. Mara ya pili akasema unalala umekaa. Mara ya tatu hakusema ugonjwa, alisema tu, "Mwadi, kuja. Papa yako anauliza siku." Nami nilikuwa nimepewa tanuru kwa wiki tatu, mara ya kwanza bila foleni, kwa mchanganyiko niliouamini kuliko yote. Nikasema: namaliza kioo hiki, nakuja. Na wewe, wewe uliyekuwa unauliza siku, ulichukua simu kwake ukanitetea. "Mwache amalize," ulisema. "Kazi ya moto haiachwake katikati." Sauti yako ilikuwa inapiga filimbi kila pumzi. Niliisikia. Mimi niliyefundishwa kusikiliza, niliisikia, nikachagua kusikia maneno tu.

Uliondoka siku ya Alhamisi asubuhi. Kwangu ilikuwa mchana. Simu haziruhusiwi karibu na tanuru, yangu ilikuwa ndani ya kabati la nguo. Kioo kilitoka kizima, kirefu, kinang'aa, hakuna alama hata moja juu yake. Watu walipiga makofi. Nilitoka nikiwa nafurahi, Papa. Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Nilifungua kabati nikiwa nataka kukupigia wewe, kukuambia nimeweza, nikakuta Mama amepiga mara saba.

Wanasema majuto ni mjukuu, yaani huja mwisho. Yangu hayakungoja hata nivae koti.

Sasa nirudi kwenye leso. Juzi nilipoifungua nilidhani umeihifadhi kama kumbukumbu, nikaanza kulia kabla sijatazama. Kisha nikakisogeza kipande kimoja dirishani. Papa, sehemu iliyovunjika ilikuwa nyeusi. Karibu yote. Imefifia kama sufuria ya zamani, na pembeni, upande ule ulipoigusa na nyundo, kulikuwa na ukanda mwembamba unaong'aa.

Nyeusi njo ya zamani. Yenye kung'aa njo ya leo.

Sikuhitaji darubini wala profesa. Nilisimama hapa nyumbani na nguo zangu za safari, nikajua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: fimbo ile ilipasuka huko huko kwangu, ndani ya moto, wakati inapoa, na ule ufa ulipumua hewa mpaka ukawa mweusi, halafu nikaung'arisha nje nikakutumia. La pili: ulisikia. Kwa sikio moja lililobaki, kwa kijiko, ulisikia kitu ambacho vyombo vya maabara nzima havikuniambia kwa sababu sikuviuliza. Nilikaa chini sakafuni. Mama alidhani nimezimia.

Halafu nikaona chaki. Kwenye kipande kirefu, imefutika nusu kwa kusugana na leso, lakini ipo: msalaba mweupe. Uliiwekea alama. Behewa hili haliondoki.

Nilimuuliza Mama kwa nini hukuniambia tena. Akaniambia kwamba yaya Banza alitaka kuitupa, ukakataa. Akaniambia ulimwambia hivi: "Siku Mwadi atakuja, ataona yeye mwenyewe. Minyi siwezi kurudilia mama yangu maneno mara mbili." Ulikuwa unanilindia heshima, kumbe. Ulinitii. Uliniachia ushahidi ndani ya leso ya Jumapili, ukangoja nije nitazame, na mimi nikakungojesha mpaka ukachoka kungoja.

Jana nikafanya jambo moja. Nilimpigia mwenzangu wa maabara, msichana mpole anayeitwa Mei. Nikamwomba achukue kijiti cha kulia wali, agonge fimbo zangu zote zilizoko rafuni, polepole, moja moja, asome namba ya kila moja na kunirekodia sauti. Alidhani msiba umenigeuza kichwa, lakini alifanya. Nikakaa nje kwenye ukuta, simu sikioni, kidole kwenye sikio jingine, macho nimefumba kama ulivyonifundisha. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Kuna zilizoimba, Papa, chache, zinakwenda mbali na kurudi. Lakini nyingi zilisema "ko". Mchanganyiko nilioutupa mwaka jana nikisema haufai, ulisema "ko": haukuwa na kosa, uliuawa na ufa. Mchanganyiko mwingine, "ko". Mwaka wangu wote, "ko", "ko", "ko". Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nimevunjika kila kiungo.

Kisha Mei akasoma namba ya ile ya Alhamisi. Ile ya makofi. Ile niliyokaa nayo badala ya kukaa na wewe. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikavuta pumzi. Nikamwambia, haya, gonga.

Ko.

Mama akainua kichwa, aliisikia hata yeye. Akaniuliza, "Hiyo njo nini?" Nikamwambia ni kitu kilichopasuka. Akarudi kwenye maharage yake.

Sijui wengine wanaomba msamaha vipi kwa mtu aliyekwisha kwenda. Mimi nakuomba hivi, kwa kusema wazi: ulikuwa sahihi na nilikudharau. Uliumwa na nikachagua moto. Na kile nilichokichagua hakikuwa hata kizima. Kama kungekuwa na faida yoyote ningekuletea kaburini niseme, Papa, angalau hii. Sina angalau.

Leo asubuhi nilikwenda kaburini na Mama. Nilichukua kile kipande kifupi, kisicho na chaki, nikakizika kwa mkono karibu na kichwa chako, upande wa sikio la kulia. Kirefu ninarudi nacho. Kitakaa juu ya meza yangu pale tanuruni, na msalaba wake sitaufuta, hata wakicheka. Kesho kutwa napanda treni.

Nakuahidi mambo matatu tu, maana ahadi zangu umeziona zilivyo. Kitu kilichotoka kwenye moto nitakiacha kipoe kwa wakati wake, hata foleni ifike barabarani. Hakuna fimbo itakayotoka mkononi mwangu bila kugongwa na kusikilizwa kwanza, na ikisema "ko" nitaichora. Na siku nitakayopata moja inayoimba kweli, sitamwandikia mtu habari zake, sitaionyesha kwa profesa kwanza. Nitaileta Kamina. Nitachuchumaa hapo ulipolala, nitaigonga mara moja na kijiko chako, tusikilize sote wawili mpaka sauti irudi.

Mama nimemwahidi yake pembeni: akiniita, nitakuja siku hiyo hiyo. Amesema ataona.

Lala, Papa. Nyundo nimeiacha nyuma ya mlango. Chaki uliyoibakiza kwenye koti la kazi nimeichukua, usinidai.

Uliniambia kitu siku ile baada ya misa nami sikukuitikia kama mtoto anavyomwitikia baba yake. Sasa naitika.

Eyo, vidye.

Mwadi, uliyemwita mama